Ushahidi wa blokucheni: Wakala achukue, hesabu ithibitishe

Jiji la Toronto nchini Canada lina nafasi ya pekee katika historia ya teknolojia mbili ambazo sasa zinakutana. Huko ndiko alikokulia Vitalik Buterin, mzaliwa wa Urusi, ambaye mwishoni mwa mwaka 2013 aliandika pendekezo la mtandao wa Ethereum, ulioanza kazi Julai 2015. Na katika Chuo Kikuu cha Toronto alifundisha Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa akili bandia ya kisasa, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2024.

Siku hizi programu zinazoitwa mawakala wa akili bandia huagizwa kwa maneno ya kawaida kuingia katika blokucheni, kutafuta kumbukumbu fulani na kuleta ushahidi kwamba haikuchezewa. Jambo la kuangalia ni nani hasa anayethibitisha.

Alama isiyoghushiwa

Blokucheni ni daftari lenye nakala katika kompyuta nyingi, ambamo kila fungu la kumbukumbu hubeba alama ya fungu lililotangulia. Alama hupatikana kwa hesabu. Kwa njia moja iliyoenea, waraka wowote, uwe barua au picha, hutoa mfuatano wa tarakimu na herufi 64. Ukiongeza nukta moja tu katika waraka, alama hubadilika kabisa.

Wazo hili limeitangulia Bitcoin, iliyoanza mwaka 2009. Mwaka 1991 wanasayansi Stuart Haber na Scott Stornetta walieleza jinsi ya kufungamanisha alama ili kuthibitisha tarehe ya waraka. Kuanzia mwaka 1995 kampuni yao ilichapisha alama za namna hiyo katika matangazo madogo ya gazeti la New York Times. Sisi tuliozeekea vyumba vya habari twaielewa hekima hiyo: gazeti likishaenea mitaani, hakuna waziri awezaye kukusanya nakala zote.

Mmarekani Ralph Merkle naye alibuni, mwaka 1979, mpangilio wa alama ulio kama mti. Kwa mpangilio huo, kuthibitisha waraka mmoja kati ya milioni moja huhitaji alama 20 hivi, bila kuzisoma nyaraka nyingine.

Thamani ya alama hizi imeonekana Afrika ya Kati. Mwaka 2018 mahakama ya kijeshi mjini Bukavu, mashariki mwa Congo, iliwahukumu makamanda wawili wa kundi la FDLR kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Miongoni mwa ushahidi zilikuwamo picha zilizopigwa kwa eyeWitness, programu ya simu iliyozinduliwa mwaka 2015, ambayo huambatanisha picha na mahali, wakati na alama ya kuonyesha kwamba haikubadilishwa.

Hatari ya kuamini jibu

Wakala wa akili bandia huweza kubuni. Mei 2025 jaji mmoja wa mahakama ya Ontario, mjini Toronto, alibaini kuwa hoja za wakili zilitaja kesi zisizokuwepo. Hoja hizo zilikuwa zimeandaliwa kwa msaada wa ChatGPT.

Kwa hiyo wakala akijibu "imethibitishwa", hilo ni neno tu. Atakiwe kuleta waraka wenyewe, alama za njia yake katika mti, na namba ya fungu. Kisha programu ndogo ya hesabu, isiyotunga maneno, ikokotoe hadi alama ya kilele. Alama hiyo ilinganishwe na ile iliyomo katika fungu, iliyopatikana kwa njia nyingine, si kwa wakala yuleyule.

Hata hivyo, hesabu ikilingana huonyesha tu kwamba waraka haujabadilika tangu ulipoandikishwa. Taarifa ya uongo iliyoandikishwa Jumatatu itabaki uongo usiofutika.

Kwa waliokimbia nchi zao na nyaraka mkobani, kuna tahadhari kubwa zaidi. Majina ya mashahidi yasiandikwe kamwe katika blokucheni ya umma, maana hayatafutika. Iandikwe alama peke yake, na waraka uchanganywe kwanza na namba ya siri ili maudhui yasibahatishwe. Waraka na namba hiyo vihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja, kwani alama haiwezi kuurudisha waraka uliopotea.