Mzimu, Mapenzi na Fumbo: Bwana Msa na Waliomtangulia

Neno mzimu huwapoteza wengi wanaojifunza Kiswahili katika nchi zetu hizi za bara. Kwa Waganda, omuzimu ni roho ya marehemu. Kwa Warundi na Wanyarwanda, umuzimu ni vivyo hivyo. Basi msomaji wa huku anapokishika kitabu cha Muhammed Said Abdulla kiitwacho Mzimu wa Watu wa Kale, hutaraji kuletewa kisa cha mfu aliyetoka kaburini kuwasumbua walio hai. Lakini katika Kiswahili cha pwani na visiwani mzimu ni mahali pia: pango, mbuyu, au gofu la kale ambapo watu hupeleka ubani na sadaka kwa kuwaomba waliotangulia. Anwani ya kitabu, kwa hiyo, yataja pahali palipoonekana maiti, haimtaji muuaji. Katika nafasi hiyo nyembamba iliyo baina ya pahali na muuaji ndimo mwandishi alimoijenga riwaya yake.

Siku hizi vitabu vinavyochanganya uchawi, mapenzi na fumbo vimejaa katika maduka ya Ulaya na Marekani, na vijana wetu wanaojua Kiingereza huvisoma kwa pupa kana kwamba ni chakula kipya. Hapana haja ya kuwakemea. Lakini yafaa waelezwe kwamba mchanganyiko huo ni wa zamani katika Kiswahili, na kwamba una historia yake ambayo haikwenda kama ilivyokwenda ya Wazungu.

Mwaka 1870 Askofu Edward Steere alichapisha London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa Unguja. Mojawapo ni ile ya Sultani Darai. Maskini aitwaye Hamdani, aliyekuwa akiokota punje za mtama jaani, anamnunua paa. Paa huyo anasema kama binadamu, anaokota almasi, anamposea bwana wake binti wa sultani, kisha anamwua joka la vichwa saba na kumrithisha bwana wake nyumba yake. Bwana anapomnyima fadhila, paa anakufa, na utajiri wote watoweka. Hamdani ajikuta yuko jaani vile vile, akipekua punje zake. Uchawi upo, ndoa ipo, na siri ipo: mke hajui asili ya mumewe. Hata mmoja katika hadithi haulizi paa amejifunzaje kusema. Ajabu ni sehemu ya dunia, kama mvua. Kinachoulizwa ni kama mtu atakumbuka wema aliotendewa.

Mambo yalibadilika pale vitabu vilipoanza kutafsiriwa kwa ajili ya shule. Mwaka 1929 Frederick Johnson, ambaye baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930, alitoa Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya H. Rider Haggard. Kiswahili chake ni kizuri, nami sioni haya kukisifu. Lakini tazama jinsi mambo yalivyogawanywa ndani yake. Uchawi ni wa Waafrika: ni wa ajuza Gagula, anayewanusa watu na kuwapeleka kuuawa. Ujuzi ni wa wageni: wanafahamu kutoka katika kalenda yao siku ya kupatwa, nao wanajifanya kwamba wao ndio waliolitia giza anga. Msomaji anajua siri, nao wenyeji wa hadithi hawaijui. Kijana wa Tanga au Unguja aliyekisoma kitabu hicho darasani alitakiwa afurahi pamoja na wajuzi kwa kuwacheka watu wanaofanana naye.

Shaaban Robert hakuifuata njia hiyo. Katika Adili na Nduguze, kilichochapwa mwaka 1952, alirudi kwenye Alfu Lela U Lela na kukichukua kisa cha Abdullah bin Fadhil, liwali wa Basra aliyekuwa akiwapiga mijeledi mbwa wawili kila usiku kisha akiwabembeleza. Mbwa wamekuwa manyani, Basra imekuwa Janibu, na majina ya watu yamekuwa majina ya tabia: Adili, Hasidi, Mwivu, Mwelekevu. Fumbo laanza mlangoni: kwa nini mtu mwema anawapiga wanyama huku analia? Jibu ni wivu wa ndugu juu ya mwanamke aliyepatikana katika mji uliogeuzwa mawe, na hukumu ya jini. Hapa ujuzi na uchawi havikugawanywa kwa rangi za watu. Jini mwenyewe ndiye mwenye haki.

Ndipo akatokea Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, akawa mkaguzi wa afya, kisha mwandishi wa magazeti ya Unguja, na tangu mwaka 1958 mhariri wa Mkulima. Riwaya yake ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum anayemsikiliza, hamfichi mtu asili yake: ni mjukuu wa Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Wahakiki kadhaa wamemlaumu Abdulla kwa mkopo huo. Naona wamelitazama kiko wakaacha kumtazama mvutaji. Bwana Ali ameonekana amekufa penye mzimu, mahali ambapo watu wana sababu zao za kupaogopa. Na anayekuja kulifumbua jambo kwa akili ni Mzanzibari mwenzao, anayesema lugha yao, anayejua mila zao na koo zao. Hahitaji kalenda ya mgeni. Miaka thelathini na mmoja baada ya Mashimo, ujuzi ulikuwa umehamia upande wa pili wa hadithi.

Na mapenzi je? Kwa Abdulla yamejificha, lakini ndiyo ufunguo. Siri nyingi za Bwana Msa, zikichimbwa, hutokeza ndoa iliyofichwa, mtoto asiyejua baba yake, au mali inayogombewa na ndugu wasiojuana. Tazama tu anwani ya Mke Mmoja Waume Watatu ya mwaka 1975. Kisima cha Giningi, cha mwaka 1968, kimechukua jina la makao ya wachawi yanayotajwa sana Unguja na Pemba. Mwandishi alijua kwamba msomaji hununua kitabu kwa hofu.

Hasara ilikuwapo pia. Kila Bwana Msa anaposhinda, ajabu hupungua. Waliofuata katika riwaya ya upelelezi, akina Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo ya mwaka 1965, kisha Elvis Musiba na Willy Gamba wake, waliuacha mzimu kabisa wakashika simu, gari na bastola. Mwanamke mara nyingi akawa mtego tu. Aliyeuchukua uchawi kwa uzito ni C. G. Mung'ong'o katika Mirathi ya Hatari ya mwaka 1977, ambamo kijana Gusto anarithishwa uchawi wa baba yake kama watu wanavyorithishwa shamba. Kitabu hicho chastahili kusomwa zaidi ya kinavyosomwa.

Tangu miaka ya tisini mkondo umegeuka. Euphrase Kezilahabi aliandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, ambamo msomaji hawezi kutenganisha ndoto na safari. Katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, Said Ahmed Mohamed anamleta marehemu hasa, mzuka wa babu, amtokee mjukuu wake K, mtu mwenye cheo na starehe, na kumshika mkono akamwonyeshe nchi ilivyo. Bwana Msa hatokei kueleza kwamba yule alikuwa mtu aliyejifunika shuka. Babu ni mfu kweli, ana hoja, na mjukuu hana jibu.