Kisima kilipimwa, aseniki haikupimwa: historia ya Bangladesh

Kiangazi hiki wengi mnachimba visima, na swali ninaloulizwa kila siku ni maji yako mita ngapi chini. Ni swali zuri. Lakini lipo la pili ambalo nchi nzima ilichelewa kuliuliza.

Nchi yenyewe ni Bangladesh. Miaka ya 1970 watoto wengi walikufa kwa kuhara kwa sababu ya maji ya madimbwi na mito. Serikali, ikisaidiwa na UNICEF, ikahimiza visima vya pampu ya mkono. Baadaye wananchi wakachimba mamilioni kwa fedha zao, na wakulima wa mpunga wakafunga pampu za kumwagilia. Maji yalikuwa maangavu, ya baridi. Nani angeyashuku?

Mwaka 1983, upande wa pili wa mpaka, daktari wa ngozi wa Kolkata nchini India, K. C. Saha, alitambua wagonjwa wenye madoa mwilini na viganja vilivyokakamaa. Ilikuwa sumu ya aseniki, na ilitoka visimani. Bangladesh aseniki ikathibitishwa kisimani mwaka 1993. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi watu waliendelea kunywa.

Hakuna aliyeimwaga. Ilikuja na mchanga na tope la mito kutoka Himalaya, imejishika kwenye kutu ya chuma. Chini ardhini, pasipo hewa na penye mabaki ya mimea yanayooza, bakteria huyeyusha kutu hiyo na aseniki ikaingia majini.

Kinachonikera ni hiki: mwaka 1992 wanajiolojia wa Uingereza walipima visima kadhaa vya Bangladesh. Walipima vitu vingi, aseniki haikuwamo. Mwanakijiji aliyeugua aliwashtaki Uingereza, na mwaka 2006 ngazi ya juu kabisa ya rufaa ikaamua hawakuwa na wajibu wa kisheria kwake. Sheria ni sheria, ila mtu akisikia kisima kimepimwa, anakunywa.

Taasisi hiyohiyo ilirudi 1998 na 1999 kufanya kazi na idara ya maji ya huko, wakachukua sampuli 3,534. Katika visima visivyofika mita 150, asilimia 27 vilizidi mikrogramu 50 kwa lita, kiwango cha Bangladesh. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshashusha chake hadi 10. Ikafuata kampeni ya kupima karibu visima milioni 5: pampu salama ikapakwa rangi ya kijani, yenye sumu nyekundu. Nyekundu zilikuwa kama milioni 1.4, na mara nyingi nyekundu ilikuwa jirani kabisa na ya kijani.

Kwetu, miamba ya ukanda wa dhahabu wa Ziwa Victoria nayo hubeba aseniki kiasili. Kwa hiyo ukienda maabara ya maji usiseme tu "nipimieni maji". Taja aseniki, risasi, zebaki na floraidi, na uulize bei ya kila kimoja. Mkishirikiana kitongoji kizima ni nafuu. Chupa ya sampuli ichukue hukohuko maabara, maana ya metali hutiwa asidi kidogo. Piga pampu dakika kadhaa kabla ya kukinga, kisha andika kijiji, tarehe na kina cha kisima. Wakati unasubiri majibu usitegemee kuchemsha: wadudu watakufa, aseniki itabaki sufuriani.