Kabla ya Kwenda Saio: Mtoto wa Askari na Nyayo za Baba Yake

Mjini Kinshasa watu hununua mboga katika soko la Gambela, na barabara ya Saio huipita kila siku. Wengi wao hawakumbuki kwamba majina hayo ni ya miji ya magharibi mwa Ethiopia, ambako askari wa Force Publique walipigana na Waitalia mwaka 1941. Kwa mtoto wa askari, ambaye sasa naye ni mzee, majina hayo yaweza kuamsha hamu ya kwenda kuona mahali baba alipoacha ujana wake. Safari ya namna hiyo huanzia nyumbani, kwa maswali.

Swali la kwanza ni hili: vita ipi? Katika jamaa nyingi husemwa tu «vita ya Abisinia», kumbe Wakongo walitumwa pande nyingi. Baada ya Ubelgiji kushindwa mwezi wa Mei 1940, Gavana Mkuu Pierre Ryckmans aliiweka koloni upande wa Waingereza. Mwezi wa Machi 1941 vikosi vilivyokuwa vimevuka Sudan viliteka Asosa, kisha Gambela. Mwezi wa Julai Jenerali Gazzera alisalimu amri mbele ya Gilliaert huko Saio. Wengine walipelekwa Nigeria, halafu Misri na Palestina, wasipigane. Wengine tena walihudumia majeruhi huko Burma. Mmoja wao, Koplo Albert Kunyuku, alipewa nishani na Mfalme Philippe mjini Kinshasa mwaka 2022. Basi ikiwa mama mjane anakumbuka kwamba mumewe alisimulia piramidi, haifai kukimbilia tikiti ya Addis Ababa. Hata nishani iliyosahauliwa sandukuni husaidia, maana kipande kidogo kilichobandikwa juu ya utepe wake huweza kutaja nchi ya kampeni.

Jina ni kikwazo kikubwa zaidi. Wazungu waliandika majina ya Kiafrika kama walivyoyasikia, na mtu mmoja aliweza kuitwa kambini kwa jina la ubatizo, kijijini kwa jina la babu. Namba ya matrikule haibadiliki hivyo. Yafaa itafutwe katika karatasi zote za marehemu, pia nyuma ya picha, kabla ya kuwaandikia watunza nyaraka wa Brussels, ambako sehemu kubwa ya hati za serikali ya kikoloni imehifadhiwa. Hati hizo nyingi ni za Kifaransa. Atakayezisoma ataona upesi jinsi zilivyopendelea: ofisa hutajwa kwa jina na cheo, askari huhesabiwa kwa kikosi. Wapagazi, ambao bila wao risasi na chakula visingefika, wana hali mbaya zaidi. Mtoto wa mpagazi atategemea kumbukumbu za wazee kuliko karatasi.

Kwenye ramani za leo Saio huitwa Dembi Dolo. Njia ya zamani, iliyotoka Stanleyville kupita Aba hadi Juba na kufuata Mto Nile, haifuatwi tena kwa urahisi. Msafiri atafika kwa ndege hadi Addis Ababa, ndipo aelekee magharibi. Miezi ya mvua ni Juni hadi Septemba. Anayetaka njia kavu aikwepe, lakini ajue kwamba baba yake hakuwa na hiari hiyo: mbele ya Saio askari walikaa katika mvua, chakula kikiwa haba, na beriberi na kuhara damu viliua watu kama risasi zilivyoua.

Mkalimani ahitajika pia. Dembi Dolo husemwa Kioromo, Gambela Kianuak na Kinuer, na Kiswahili au Lingala ya kambini havitamfikisha mbali. Nishani yenyewe ibaki nyumbani. Picha yake yatosha, pamoja na picha ya baba akiwa kijana, ili wazee wa huko wawe na uso wa kutazama wanapoulizwa juu ya askari weusi waliotoka upande wa Sudan.