Zika: kirusi cha msitu wa Uganda kilichochelewa kuogopwa

Baraka, Fizi. Wamama wengi wa Fizi wanajua kwamba mbu analeta malaria. Wachache wamesikia kwamba kuna mbu wa aina nyingine, yule anayeuma mchana, anayeweza kubeba kirusi cha Zika, chenye kumdhuru mtoto akiwa bado tumboni. Historia ya kirusi hicho ilianzia karibu, katika nchi jirani ya Uganda.

Mwaka wa 1936, shirika la Rockefeller la Marekani lilianzisha Entebbe taasisi ya kuchunguza homa ya manjano. Watafiti wake waliweka tumbili ndani ya vizimba juu ya majukwaa katika msitu wa Zika, kati ya Kampala na Entebbe, wakingoja kuona mbu watawaambukiza nini. Mwezi wa nne 1947, tumbili namba 766 alishikwa na homa. Damu yake ilipopimwa, haikuwa homa ya manjano bali kirusi ambacho hakuna aliyekijua. Mwezi wa kwanza 1948, kirusi kilekile kilipatikana ndani ya mbu wa msitu huo. Mwaka wa 1952, watafiti George Dick, Stuart Kitchen na Alexander Haddow walitangaza habari hiyo, na kirusi kikabaki na jina la msitu.

Kwa miaka karibu sitini, hakuna aliyekiogopa. Watu wengi wanaoambukizwa hawasikii kitu. Wengine wanapata homa ndogo, vipele, macho mekundu na maumivu ya viungo, kisha wanapona baada ya siku chache. Katika vijiji ambamo kila homa inaitwa malaria, ugonjwa kama huo unapita bila kuandikwa popote.

Mwaka wa 2007, kirusi kilifika kisiwa cha Yap, katika bahari ya Pasifiki. Ilikadiriwa kwamba karibu robo tatu ya wakaaji waliambukizwa. Mwaka wa 2013 kikafika Polinesia ya Ufaransa, na mwaka wa 2015 kikaenea Brazili. Huko ndiko siri ilipofichuka. Waganga wa kaskazini-mashariki mwa Brazili waliona watoto wengi kuliko kawaida wakizaliwa na kichwa kidogo, maana ubongo haukukua vizuri. Walipowauliza wamama, wengi walikumbuka kwamba walipata vipele na homa wakiwa na mimba. Tarehe 1 mwezi wa pili 2016, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa.

Si kila mama aliyeambukizwa anazaa mtoto mwenye shida. OMS inakadiria kwamba kati ya watoto 100 ambao mama zao waliambukizwa wakiwa wajawazito, 5 hadi 15 wanapata madhara. Mimba inaweza pia kutoka, au mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Hadi sasa hakuna chanjo wala dawa ya kuua kirusi hicho. Kinaambukizwa pia kwa njia ya ngono, ndiyo maana mahali penye ugonjwa mume wa mama mjamzito anashauriwa kutumia kondomu.

Mbu huyo, Aedes, anapenda kukaa karibu na watu. Anataga mayai ndani ya ndoo, mapipa, magurudumu ya zamani na makopo yenye maji ya mvua. Familia iliyokimbia vita, inayopanga bidoni na ndoo za maji mbele ya hema, inaweza kumfuga bila kujua. Dawa yake ni kufunika maji, kumwaga yaliyotuama, na kusugua pande za ndani za chombo kila juma, kwa sababu mayai yanaganda pale na yanaweza kukaa makavu kwa miezi.

Chandarua kinabaki muhimu sana, kwani mbu wa malaria anauma usiku, na malaria inaua wajawazito na watoto tumboni. Lakini mchana mama anahitaji pia nguo zinazofunika mikono na miguu, na kulala ndani ya chandarua hata akipumzika mchana.

Mjamzito mwenye homa asingoje nyumbani wala asijinunulie dawa sokoni. Aende kituo cha afya apimwe kwanza malaria, na aeleze kama ameona vipele. Asiache kufika CPN, hata akiwa amehama kijiji chake.

Na mtoto akizaliwa na kichwa kidogo, kuna sababu nyingi zinazoweza kuleta hali hiyo. Kumsingizia mama uchawi au laana hakumsaidii yeyote. Brazili ilitambua hatari kwa sababu wamama walisema walichopata, na waganga wakaandika. Mama wa Fizi naye akisema, asikilizwe.