Moyo kwa Wamisri wa Kale

Yapata miaka 3,500 iliyopita, Wamisri walipohifadhi maiti za wakuu wao, ubongo waliutoa puani na kuutupa. Moyo, kwa kawaida, waliuacha kifuani. Kwao ndio uliokuwa makao ya furaha, huzuni na hofu, na hata ya akili. Aliyefurahi walimwita mwenye moyo uliopanuka. Nasi, bila kuazima kwao, twasema ana moyo mkunjufu. Lakini moyo huo huo waliuogopa, na hofu hiyo naiona nzito kuliko ya kaburi. Huko ahera ungepimwa mizanini dhidi ya unyoya wa Maat, yaani ukweli na haki. Hivyo kifuani pa maiti waliweka hirizi ya jiwe yenye umbo la dundu, iliyochongwa maneno ya kuusihi moyo usitoe ushahidi wa kumwangamiza mwenyewe.