Waliosimama Karibu na Mwenye Nguvu

Jumatatu ya tarehe 30 Oktoba 1961, ndege ya Muungano wa Kisovieti ilidondosha bomu juu ya visiwa vya Novaya Zemlya, kaskazini ya mbali ya dunia. Lilikuwa na nguvu ya takriban megatani 50, na mpaka leo hakuna bomu kubwa kuliko hilo lililowahi kulipuliwa. Siku nne baadaye, Ijumaa usiku, televisheni ya CBS ya Marekani ilionyesha kisa cha nusu saa kuhusu mtoto wa miaka sita. Kukaribiana kwa tarehe hizo ni sadfa tu. Hata hivyo, matukio yote mawili yalizaliwa na hofu moja: binadamu amepata uwezo kuliko kimo cha moyo wake.

Hofu hiyo ilitawala tamthilia za kubuni za sayansi katika televisheni ya Marekani ya miaka ya 1960. Baadhi ya waliozitengeneza walikuwa wametoka vitani. Rod Serling, mwanzilishi wa mfululizo wa The Twilight Zone, alikuwa askari wa miavuli Ufilipino. Gene Roddenberry, aliyeanzisha Star Trek, alirusha ndege za mabomu katika Bahari ya Pasifiki. Walikuwa wameona kwa macho yao kile ambacho mwanadamu hufanya akipewa uwezo wa kuua. Sisi tunaosoma Maandiko tuna sababu ya kuzitazama tena kazi zao, kwa kuwa zinagusa jambo ambalo Kanisa hulikabili kila kizazi. Nalo haliishii kwa mwenye nguvu peke yake. Linawahusu pia wale wanaosimama karibu naye.

Tuanze na yule mtoto. Anaitwa Anthony, anaishi katika kijiji kidogo cha Ohio, na lolote analolitaka linatokea. Ameondoa umeme na magari. Kijiji kimetengwa na dunia yote, na wakazi hawajui kama huko nje dunia bado ipo. Anasikia hata mawazo ya watu. Asiyemfurahisha hupelekwa "shamba la mahindi", mahali ambapo harudi mtu. Kwa hiyo watu wazima wote, wazazi wake wakiwamo, wanatabasamu mchana kutwa na kumwambia kuwa kila alichofanya ni chema.

Usiku mmoja jirani yao, katika sherehe ya kuzaliwa kwake mwenyewe, anachoka kuogopa. Anamwambia mtoto ukweli mbele ya wote, kisha anawasihi wenzake: mtoto ananitazama mimi, mmoja wenu achukue kitu ampige kutoka nyuma. Shangazi anaunyoosha mkono kuelekea chuma cha kuchokorea moto, kisha anaurudisha. Hakuna mwingine anayejitokeza. Jirani anageuzwa mwanasesere wa sandukuni, naye anaangamia. Muda mfupi baadaye mtoto analeta theluji. Baba anajua kuwa theluji hiyo itaua nusu ya mazao yao. Anaanza kukasirika, anaona jinsi mkewe anavyomtazama, anameza hasira na kusema kuwa mwanawe amefanya vizuri.

Hapa hatuhitaji mahubiri marefu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu mgema alikuwa na miaka sita. Mtoto huyo hakuwahi kuambiwa "hapana" na mtu ambaye angeweza kubaki hai. Kila sifa aliyopewa ilinunua siku moja ya usalama, lakini gharama yake ilikuwa shamba lenyewe walilolitegemea.

Luka anasimulia jambo linalofanana na hili katika Matendo ya Mitume sura ya 12. Watu wa Tiro na Sidoni walikuwa wamemkosea Mfalme Herode, na chakula cha nchi yao kilitoka katika nchi yake. Alipovaa mavazi ya kifalme na kutoa hotuba, umati ulipaza sauti kwamba hiyo ni sauti ya mungu, si ya mwanadamu. Herode aliipokea sifa hiyo bila kumpa Mungu utukufu, akapigwa na malaika, akaliwa na chango. Tumezoea kuyasoma hayo kama hukumu ya Herode, na ndivyo yalivyo. Lakini tusiupite umati ule. Luka ameandika wazi kwamba ulikuwa na njaa ya kulinda, na mdomo wenye njaa ulimsaidia mfalme kujiangamiza.

Miaka miwili baada ya kisa cha Anthony, hewa ilikuwa imebadilika kidogo. Dunia ilikuwa imeponea chupuchupu Oktoba 1962, makombora ya Kisovieti yalipogunduliwa Kuba. Mwaka uliofuata Marekani, Uingereza na Muungano wa Kisovieti zilitia saini mjini Moscow mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia angani, anga za juu na chini ya maji. Mkataba ulianza kutumika tarehe 10 Oktoba 1963. Tarehe 14 mwezi huohuo, mfululizo wa The Outer Limits kwenye televisheni ya ABC ulionyesha kisa cha Gwyllm, mchimba makaa ya mawe wa Wales.

Gwyllm anajitolea kuingia katika mashine ya profesa mmoja ambaye dhamiri inamsuta, kwani aliwahi kushiriki katika kazi ya silaha za nyuklia. Mashine hiyo inamharakisha mtu kuelekea vile binadamu atakavyokuwa baada ya maelfu ya miaka. Kichwa kinakua, kidole cha sita kinaota, akili inapita akili zote. Kwanza anakuja na dharau, kisha chuki, na anaondoka ili auangamize mji wake. Lakini akiwa njiani akili yake inazidi kukua hadi anaiacha chuki nyuma. Anarudi bila kuubomoa mji. Anataka sasa aendelee mbele zaidi, awe akili tupu isiyo na mwili. Msichana anayempenda, aliyeshika wenzo wa mashine, anaurudisha nyuma badala ya kuupeleka mbele, naye Gwyllm anakuwa tena binadamu.

Kisa hicho kina tumaini, na tumaini lake lafaa kupimwa. Kinasema kwamba maarifa yakizidi vya kutosha, wema utafuata wenyewe. Ni tumaini linalopendwa sana hata leo. Wengi huamini kwamba elimu ikiongezeka, ukatili utakwisha. Lakini karne iliyotengeneza bomu haikukosa elimu. Bomu lenyewe lilitengenezwa na baadhi ya watu wenye akili kuliko wote wa zama zao. Hata ndani ya kisa, kinachomrudisha Gwyllm kwa watu ni mkono wa mtu anayempenda kuliko anavyoustaajabia uwezo wake.

Miaka mitatu baadaye, Star Trek ilipoanza kuonyeshwa na NBC, tumaini lile lilijibiwa mara mbili katika wiki mbili mfululizo. Tarehe 15 Septemba 1966 watazamaji walimwona Charlie, kijana wa miaka 17 aliyekulia peke yake katika sayari ya mbali, ambako viumbe wasio na mwili walimpa uwezo wa ajabu ili aweze kuishi. Anapopandishwa katika chombo kilichojaa watu, hajui kupenda wala kukataliwa. Afisa wa mawasiliano anaimba na watu wanamsikiliza. Charlie anataka wamtazame yeye, basi anamnyang'anya sauti. Afisa huyo anaitwa Uhura, jina lililotokana na neno letu "uhuru". Hatusemi kwamba waandishi walikusudia fumbo hilo. Lakini msikilizaji wa Kiswahili hawezi kulikosa: mwenye nguvu asiyevumilia wivu hunyamazisha uhuru kwanza. Mwishoni wale waliomlea wanakuja kumchukua, naye analia akiomba abaki kati ya watu. Ni kilio cha kusikitisha, kwa kuwa zawadi aliyopewa ili aishi ndiyo iliyomfanya asiweze kuishi na wenzake.

Wiki moja baadaye, tarehe 22 Septemba, ilikuja zamu ya Gary Mitchell. Huyu si mtoto wala si mgeni. Ni afisa mwenye mafunzo, mcheshi, rafiki wa miaka mingi wa nahodha James Kirk. Chombo kinapogonga kizuizi cha nguvu pembezoni mwa galaksi, Mitchell anapigwa, na macho yake yanageuka rangi ya fedha. Anaanza kusoma vitabu kwa kasi isiyo ya kawaida. Kisha anasogeza vitu kwa mawazo. Kisha anawatazama wenzake kama sisi tutazamavyo sisimizi. Spock anamshauri Kirk amwache katika sayari isiyo na watu au amwue wakati bado inawezekana. Kirk anasitasita, maana huyo ni rafiki yake.

Dk. Elizabeth Dehner, daktari wa magonjwa ya akili, mwanzoni anamtetea Mitchell. Anaona kwake mwanzo wa binadamu bora zaidi. Kisha macho yake naye yanabadilika, na anamfuata. Katika sayari ile kame Mitchell anaotesha bustani kwa neno tu, kama anayejaribu kurudia Mwanzo sura ya 2. Kirk anapowafuata, Mitchell anamchimbia kaburi, anamwekea jiwe lenye jina lake, na kumlazimisha apige magoti amwombe kama Mungu.

Kirk hana silaha inayoweza kumshinda, kwa hiyo anamgeukia Dehner. Anamsihi atumie elimu yake ya udaktari, amtazame huyu mtu na aseme anaona nini: je, kuna huruma ndani yake? Dehner anatazama. Anaona. Yeye naye amepewa nguvu zilezile, na angeweza kuketi kando ya kiti cha enzi. Badala yake anazitumia zote kumdhoofisha Mitchell, na zinamgharimu maisha. Mitchell anazikwa na mwamba katika kaburi aliloliandaa kwa ajili ya rafiki yake.

Baadaye Kirk anaandika katika kumbukumbu za chombo kwamba wote wawili walikufa wakitimiza wajibu wao. Anataka iandikwe hivyo hata kwa Mitchell, kwa sababu hakuomba yaliyompata. Tunaona hapo huruma ambayo Mitchell mwenyewe alikuwa ameipoteza.

Tukiviweka visa hivi pamoja, tunaona mstari mmoja. Nguvu ilikuja kwa usiku mmoja. Tabia hujengwa kwa miaka, tena kwa kukanywa. Anthony alizungukwa na waoga. Charlie hakuwa na mtu wa kumlea. Mitchell alikuwa na rafiki aliyechelewa na daktari aliyestaajabu, lakini daktari huyo alifumbuka macho kabla ya mwisho.

Katika Kanisa tunaziita nguvu hizo kwa majina yetu: karama ya uponyaji, karama ya kuhubiri, wingi wa washirika, fedha za huduma. Ni zawadi za Mungu, wala hatupaswi kuziogopa. Lakini huko Listra, katika Matendo sura ya 14, Paulo alipomponya kiwete na watu wakaleta ng'ombe ili wawatolee dhabihu, yeye na Barnaba waliyararua mavazi yao, wakakimbilia katikati ya umati wakipiga kelele kwamba wao ni watu kama wao. Mtumishi asiyeweza tena kufanya hivyo anahitaji mtu wa kumwambia. Mtu huyo ni mzee wa kanisa, ni mke wake, ni mwanakwaya, ni sisi. Tusisubiri theluji ianguke juu ya mazao.

Na kipimo tunacho. Yohana sura ya 13 inaeleza kwamba Yesu, akijua kuwa Baba amempa vyote mikononi mwake, aliondoka mezani, akajifunga kitambaa, akawatawadha wanafunzi miguu. Alikuwa na uwezo wote, na hicho ndicho alichoufanyia. Petro alipokataa, hakumnyamazisha; alizungumza naye mpaka akaelewa. Basi kila tunapomwona mtu mwenye nguvu nyingi mikononi, yafaa tuuliize: kitambaa chake kiko wapi, na je, Petro wake bado ana sauti?