Historia ya Chuku katika Nyanda za Juu za Kusini

Kila taifa lililobeba mizigo limeumwa mgongo, na kila taifa lililoumwa mgongo limetafuta namna ya kuutuliza. Miongoni mwa namna hizo iko moja ambayo umri wake ni mkubwa na chombo chake ni kidogo, nayo ni kuumika. Wayunani wa zama za Hippocrates waliijua. Wachina waliifanya kwa pembe za wanyama kabla ya kutumia vikombe vya mianzi na vya kioo. Waarabu waliiita hijama, na jina hilo likaenea popote Uislamu ulipoenea. Katika bara la Tanganyika pembe ilikuwa mikononi mwa wazee kabla hospitali ya kwanza haijajengwa, na nyanda za juu za kusini, tangu Iringa mpaka Mbeya, ni mahali pazuri pa kuitazama historia yake; maana hapo kazi nzito, hospitali, maradhi mapya na sheria vilikutana na pembe hiyo kimoja baada ya kingine.

Chombo chenyewe hakihitaji fundi mkubwa. Pembe ya ng'ombe au ya mbuzi hukatwa, mdomo wake mpana husuguliwa hata ukawa laini usikwaruze ngozi, na ncha yake hutobolewa tundu dogo. Mwumishi huuweka ule mdomo mpana juu ya mahali panapouma, hufyonza hewa kwa kinywa chake katika lile tundu, kisha huliziba kwa nta aliyokuwa ameificha kinywani, akiisukuma kwa ulimi. Hewa ikipungua ndani ya pembe, ngozi na nyama iliyo chini yake huinuka, na damu huvutwa kuja juu. Pembe huachwa imeganda kwa dakika kadhaa. Ikibanduliwa huacha duara jekundu au la zambarau, ambalo hufifia baada ya siku chache.

Kuumika kuko kwa namna mbili, na tofauti yake ndiyo kiini cha historia hii. Namna ya kwanza ni kavu: pembe huvuta ngozi nzima isiyo na jeraha. Namna ya pili ni ya damu: ngozi huchanjwa chale ndogo, pembe hurudishwa juu yake, na damu hutoka. Watu wengi walizihesabu namna hizo mbili kuwa dawa moja. Katika namna ya kwanza pembe hufanya kazi peke yake. Katika ya pili hushirikiana na wembe.

Lugha ya Kiswahili imeitunza dawa hii kwa uaminifu kuliko vitabu vya tiba. Kamusi Sanifu iliyotolewa mwaka 1939 chini ya jina la Frederick Johnson ilitaja chuku kuwa ni pembe ya kuumikia. Leo msemaji wa Kiswahili akisikia kwamba habari imetiwa chuku huelewa kuwa imezidishwa, wala hafikiri juu ya pembe. Lakini mfano huo haukuzuka bure. Pembe huinua nyama ikaonekana kubwa kuliko ilivyo, na mtia chuku huyafanyia maneno vivyo hivyo. Hata kitendo cha kuumika kinakaribiana kwa sauti na kwa sura na kuumuka kwa unga uliotiwa hamira. Hivyo chombo kilichosahauliwa na wengi kingali kinakaa vinywani mwao kila siku.

Kazi za nyanda hizi zilikuwa nzito tangu zamani, nazo zilizidi uzito katika karne ya 20. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakaishika Tukuyu, na tarehe 29 Agosti yakaingia Iringa. Nyuma ya kila askari walikuwako wapagazi, ambao watu wa Nyasaland waliwaita tengatenga, wakipanda na kushuka milima wakiwa na mizigo ya ratli 60 hivi vichwani. Vita vilipokwisha, mizigo haikwisha. Dhahabu ya Lupa, iliyoanza kuchimbwa kwa wingi katika miaka ya 1920, iliwaita maelfu ya vibarua Chunya, na mji wa Mbeya ukaanzishwa mwaka 1927. Mashamba ya chai yalifunguliwa Mufindi na Rungwe, na chai huchumwa kwa kuinama mchana kutwa, kapu likiwa mgongoni. Vijana wengine wa Unyakyusa walikwenda mbali zaidi, katika migodi ya Rhodesia ya Kaskazini na ya Afrika Kusini, wakachimba chini ya ardhi, nao waliokwenda Afrika Kusini walikwenda kwa mikataba ya Wenela.

Mwili wa mpagazi, wa mchuma chai na wa mchimbaji ndio hasa mwili ambao pembe ilitengenezewa: shingo iliyokakamaa, mabega yasiyoinuka, kiuno kisichopinda. Hospitali za misheni, kama Tosamaganga na Ilembula, zilileta tiba iliyookoa watu kwa malaria, kwa kichomi na kwa uzazi mgumu. Lakini uchovu wa mabega haukuwa ugonjwa wa kumlaza mtu wodini. Mwenye mgongo uliokaza alipewa vidonge, akaambiwa apumzike. Naye kupumzika hakukuweza, kwa kuwa ujira ulikwenda kwa siku. Hapo ndipo pembe ilipopata nafasi ya kuendelea. Haikuishinda hospitali, wala haikushindwa nayo; ilishika kazi ambayo hospitali haikuihesabu kuwa kazi yake.

Jaribu kubwa lilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera, na ugonjwa ukafuata barabara kuu na miji ya biashara. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2003–04 uliiweka Mbeya mbele ya mikoa yote, kwa kiasi cha asilimia 14 ya watu wazima wenye virusi, na Iringa ikaifuata kwa asilimia 13. Ule wa mwaka 2007–08 uliitanguliza Iringa, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Njombe, kwa asilimia 16 hivi. Njia kubwa ya maambukizi ilikuwa kujamiiana, wala si haki kumtwika mwumishi msiba ule. Lakini wembe uliopita katika ngozi ya mtu mmoja kisha ya mwingine ulikuwa hatari ya kweli, na watu wakaonywa wasiuchangie. Onyo lilikuwa juu ya wembe. Watu wengine wakalisikia kama hukumu juu ya pembe, na dawa kavu isiyomwaga damu ikaingizwa katika hofu ya ile imwagayo.

Serikali haikuitupa tiba ya jadi. Mwaka 1974 kiliundwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili, nacho mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Mwaka 2002 ilitungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyoweka baraza la kuwasajili waganga. Siku hizi mijini kuumika kunarudi kwa jina la hijama, vikombe vya plastiki na pampu ndogo vikishika nafasi ya pembe na kinywa. Uchunguzi wa kitaalamu umeona kuwa kuumika huweza kupunguza maumivu ya shingo na ya mgongo kwa muda na kumrahisishia mtu kujongea, ila ushahidi wake haujawa imara. Mwenye damu isiyoganda upesi, au mwenye ngozi iliyojeruhika, hafai kuumikwa.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbacha nao hukung'utwa vumbi. Mwumishi wa leo anayefanya kwa kukausha, au anayefungua wembe mpya mbele ya macho ya mgonjwa na kuutupa baada ya mtu mmoja, hauvunji urithi wa wazee. Anautenga na kile kilichoutia doa. Naye mgonjwa ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kuvua shati: je, leo ni pembe tu, au ni pembe na wembe?